Maji ya Kukamua

Wendo alikanyaga kaa la moto akaendelea kutembea.

Kaa lilikuwa limedondoka jikoni wakati mama yake, Nyemo, akichochea moto wa uji. Nyemo alikuwa bado anatafuta kitu cha kuliokotea pale mtoto alipopita juu yake bila viatu, akaenda mpaka kwenye ndoo, akachota maji, akanywa kikombe kizima. Kisha akakunja pua.

"Mama, kuna kitu kinaungua."

Nyemo alimkalisha kwenye kigoda, akauinua mguu wake. Kaa lilikuwa limenasa katikati ya unyayo. Alilibandua kwa kijiko, na ngozi ikatoka nalo. Wendo, msichana wa miaka tisa, aliangalia kama anayeangalia mtu mwingine akitibiwa.

"Inauma?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nasikia unanishika tu. Kama nimevaa soksi."

Nyemo alifunga kidonda kwa kitambaa safi. Hakulia wala hakupiga kelele. Tangu mumewe azikwe alikuwa na desturi ya kufanya kazi kwanza na kuhisi baadaye, na mara nyingi ile baadaye haikufika. Aliepua sufuria, akambeba mtoto mgongoni, akashika njia ya zahanati. Alipokuwa akitembea alijaribu kukumbuka ni tangu lini ncha za vidole vyake mwenyewe zilikuwa hazisikii vizuri. Siku zote alidhani ni baridi ya mabomba ya chuma.

*

Pale zahanati kulikuwa na tabibu mmoja, Yoeli Mbehoma, ambaye kijiji kizima kilimwita daktari. Alimsafisha Wendo kidonda, kisha akamwambia afumbe macho na aseme "ndiyo" kila akichomwa. Akamchoma kwa pini kwenye vidole vya miguu, kimoja baada ya kingine. Wendo alikaa kimya, akisubiri waanze.

Yoeli akairudisha pini kwenye kikopo.

"Si yeye peke yake, mama Wendo. Nimepita shuleni. Nusu ya darasa wanakaa hivi hivi, wamefumba macho, wananisubiri." Alinawa mikono kwa muda mrefu. "Nikaenda Isasila, kule wanakokunywa maji ya lambo. Watoto wa kule wana minyoo, wanaharisha, lakini ukiwagusa na pini wanaruka. Tofauti yetu na wao ni maji. Na mwenye maji ni wewe."

Ilikuwa kweli. Kijiji cha Nhundulu kilikaa kando ya barabara kuu ya kwenda bara, katika nchi kavu ambayo mvua iliipitia juu kwa juu. Kisima kilichochimbwa na serikali kilitoa maji ya chumvi, kisha kikatoa tope, kisha kikatoa upepo. Walioishi pale waliishi kwa malori.

Wakati huo malori yote ya mizigo yalikuwa yakitembea kwa haidrojeni iliyotengenezwa pwani kwa nguvu ya jua. Mahali palipokuwa na injini ya dizeli zamani, sasa palikuwa na seli zilizobanwa pamoja kama vipande vya mkate. Haidrojeni iliingia upande mmoja, hewa upande mwingine, ukatoka umeme wa kuzungusha magurudumu, na pamoja na umeme yakatoka maji. Moshi haukuwapo. Mwanzoni maji yale yalimwagwa barabarani. Nyasi zikaota kandokando ya lami, mbuzi wakazifuata, malori yakawaua. Ndipo kampuni ikafunga matangi chini ya malori, ikajenga vituo vya kuyamwagia, na katika kituo cha Nhundulu ikamwajiri Nyemo, aliyesomea ufundi wa maji Dodoma, awe mkuu wa kituo.

Siku ya kwanza, watu walipoliona lori limesimama, mpira umechomekwa chini ya tumbo lake na maji yanaruka kwenye ndoo, mtu mmoja alisema linakamuliwa. Kijiji cha Wagogo na ng'ombe wao hakikuhitaji jina jingine. Tangu hapo ikawa ni kukamua, na maji yakawa maji ya kukamua. Yalikuwa hayana ladha wala uchafu. Vifo vya kuhara vilikoma. Nyemo alisalimiwa na watu waliomzidi umri kwa adabu ya kumsalimia mtu mkubwa.

Alimpeleka mtoto nyumbani kwa bibi yake, akarudi kituoni, akaipigia simu kampuni, akaomba mtu wa kuja kupima maji.

*

Mhandisi Kisamo alikuja baada ya wiki moja, peke yake, kwa gari dogo. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, aliyeshukuru hata kwa kuonyeshwa kivuli. Alitoa kipimo chenye ukubwa wa kalamu, akakichovya kwenye maji ya lori jeupe. Kikawaka kijani. Akakichovya kwenye maji ya lori la bluu, mojawapo ya malori ya zamani. Kikawaka chekundu. Akarudia kwa lori la bluu jingine, kisha jingine, ingawa Nyemo aliona kwamba alikuwa ameshajua.

"Ndani ya seli kuna utando," alisema. "Mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ndio unaotenganisha haidrojeni na hewa. Huu tunaotumia ni wa bei nafuu, ndiyo sababu malori yameweza kuwa mengi kiasi hiki na anga limekuwa safi. Ukizeeka unamenyeka, na kinachomenyeka kinatoka na maji. Kinaingia kwenye mishipa ya fahamu."

"Mlijua?"

"Tulijua unamenyeka."

"Nauliza kama mlijua unaingia kwa watu."

Kisamo alikifuta kipimo kwa shati lake. "Kwenye michoro yetu, dada Nyemo, maji yanaishia barabarani."

"Koki hizi mlijenga nyinyi."

"Ni idara nyingine," alisema, kisha akaona aibu.

"Tukichemsha?"

"Mvuke unaondoka, chenyewe kinabaki. Mnazidisha makali."

"Tukichuja kwa mkaa?"

"Kinapita."

"Na ganzi, itaondoka?"

"Anayeacha mapema, huenda. Watoto zaidi kuliko wakubwa. Sitaki kukudanganya, hakuna aliyewahi kupima binadamu."

Walikaa kwenye ukingo wa saruji wa tangi kuu. Lori jeupe liliingia, wasaidizi wakaanza kulikamua, akina mama wakasogeza ndoo. Kisamo aliwaangalia.

"Nikilifikisha hili makao makuu, watafunga koki za barabara nzima siku hiyohiyo kwa kuogopa kesi. Halafu wataharakisha malori mapya, yale ya rangi ya fedha. Yale yanayarudisha maji yake ndani na kuyatumia tena kupoza seli. Hayatoi hata tone. Nyinyi mtabaki na nini?"

"Na usipolifikisha?"

"Inabaki kama ilivyo." Alisimama, akapangusa suruali. "Kwa utaratibu wetu, neno la madhara linatoka kwa mkuu wa kituo. Ukinipigia ukasema kuna madhara, nitafunga. Usipopiga, basi mimi nilikuja kukagua mabomba."

Alimwachia kipimo, akaondoka. Nyemo alibaki amekishika mkononi. Alijua amekasirika, kwa namna ambayo mtu anajua kwamba ni Jumanne.

*

Hakupiga simu. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Lazaro Msanjila, akamwomba aitishe mkutano, na kesho yake alasiri watu wakakusanyika kwenye kivuli cha paa la kituo. Nyemo aliwaeleza yote bila kupunguza: utando, mishipa, malori ya bluu, malori meupe, na lile ambalo kampuni ingefanya ikisikia.

"Serikali ituletee boza," mtu alisema.

"Nimeshauliza wilayani," mwenyekiti alijibu. "Boza lipo moja, la vijiji visivyo na chanzo cha maji. Wanasema sisi chanzo tunacho."

Kijana mkulima aitwaye Mbogoni alisimama. "Basi twende tukachote lambo la Isasila."

"Isasila wameshaweka walinzi. Na wana haki. Lambo lile tukilinywa vijiji viwili, kiangazi hakitalikuta."

Hapo akainuka Bibi Sechelela, mama yake Nyemo, mwanamke mrefu aliyefuma mikeka iliyouzwa mpaka Singida. Mbele za watu hakumwita binti yake kwa jina.

"Mama Wendo, maji ya malori meupe ni mazima?"

"Kwa sasa ni mazima, mama."

"Yanatosha watu wangapi?"

"Watoto na wajawazito. Kwa kubana sana."

"Basi hayo ni yao. Ya bluu ni yetu." Akakaa chini.

Mbogoni alikuwa bado amesimama. "Mimi nina miaka thelathini, bibi. Vidole vikifa, jembe nitalishika na nini?"

"Kwani mimi vyangu sina kazi navyo?"

Mbogoni alikaa. Baada ya hapo maneno yakawa ya mpangilio: koki ipi iwe ya nani, mtoto ahesabiwe mkubwa akifika umri gani, anayenyonyesha awekwe wapi. Yakazungumzwa kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaogawana zamu za kulinda mahindi. Ni Yoeli peke yake aliyeyakatiza.

"Vituo vingine je? Barabara hii ina vituo mpaka mpakani. Wote wanakunywa hivi hivi, na hakuna aliyewaitia mkutano."

"Tukiwaambia watapiga kelele," mwenyekiti alisema. "Wakipiga kelele koki zinafungwa. Na zetu."

"Kwa hiyo watoto wa kule..."

"Daktari," mwenyekiti alimkatiza.

Watu waliangalia chini. Kisha wakaulizwa wanaokubali wanyooshe mikono. Mkono wa Yoeli haukunyanyuka. Nyemo aliutazama wake mwenyewe, akauona uko juu.

Kisamo alipopiga simu wiki ile kuuliza kama ameamua, Nyemo alimjibu, "Bado nachunguza."

"Sawa," alisema Kisamo, na hakupiga tena.

*

Mpango ulishika. Koki ya kulia ikawa ya watoto, ya kushoto ya wakubwa, na akina mama walilinda foleni ile kwa ukali kuliko askari yeyote. Kila lori lilipoingia Nyemo alipima, akaelekeza mpira kulia au kushoto. Kidonda cha Wendo kilifunga taratibu. Yoeli alipita tena shuleni na pini yake, na safari hii baadhi ya watoto walisema "ndiyo", wengine hata kabla ya kuchomwa, lakini walisema.

Kwa wakubwa mambo yalikwenda upande mwingine. Akina mama waliungua mikono jikoni wakajua kwa harufu. Mbogoni alijikata kidole cha mguu kwa jembe, akaendelea kulima mstari mzima, mpaka mkewe alipomwuliza damu ile ni ya nini. Bibi Sechelela aliacha kufuma. Alisema macho yamechoka. Kijiji kilizoea. Watu walijifunza kukagua miili yao jioni kama wanavyokagua mifugo, na hakukuwa na kilio, kwa sababu cha kulilia hakikuuma.

Nyemo alifanya kazi. Wakati mwingine, akiwa ameshika mpira, alikumbuka vituo vile vingine. Aliliangalia wazo hilo likipita kama lori ambalo zamu yake haijafika.

Kisha malori ya rangi ya fedha yakaanza kuonekana. La kwanza lilisimama kwa heshima tu. Dereva aliteremsha kioo.

"Samahani, dada. Hili halikamuliki."

Yaliyofuata hayakusimama. Yalipunguza mwendo mbele ya kituo, yakapita bila mlio na bila unyevu wowote. Wiki kwa wiki yaliongezeka, na meupe yakapungua. Na yale meupe yaliyobaki yalikuwa nayo yanazeeka. Asubuhi moja kipimo kiliwaka chekundu kwa lori jeupe. Nyemo alikikung'uta, akakichovya tena. Aliuhamisha mpira kutoka kulia kwenda kushoto, akina mama wakimtazama.

Lori jeupe la mwisho, ambalo maji yake yalikuwa mazima mpaka safari iliyopita, lilikuja kukiwa na foleni ndefu ya watoto, jua limeshapanda. Kipimo kiliwaka chekundu. Nyemo alifunga koki ya kulia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja mpaka mbele yake.

"Fungua, mama Wendo. Ana kiu."

"Si mazima."

"Najua. Nimesema ana kiu."

Nyemo alimpa chupa yake mwenyewe, aliyokuwa amemjazia Wendo jana kutoka kulia. Yule mama akaipokea, akamnywesha mtoto pale pale, akairudisha tupu. Watoto wengine walikuwa wakiangalia. Chupa nyingine hakuwa nayo.

*

Iliamuliwa kwamba wenye watoto waondoke. Madereva, ambao wengi wao walikuwa wamekamuliwa pale kwa miaka, walikubali kuwabeba bure, familia moja moja, kuelekea miji yenye maji. Wazee wangebaki. Walikuwa na nyumba, makaburi na ng'ombe wachache, na malori ya bluu yalikuwa bado yanapita. Yoeli alisema atabaki nao. Ilibaki mtu wa kukamua, na Bibi Sechelela akasema atakamua yeye.

Nyemo alimfundisha kwa siku chache. Kuchomeka mpira, kugeuza koki nusu, kusikiliza tangi, kugeuza yote. Mama yake alielewa haraka, ila mikono ilikuwa haimwambii kitu. Mara ya kwanza alidhani ameshika koki, kumbe ameshika hewa. Kwa hiyo alijifunza kuitazama. Aliukodolea macho mkono wake mpaka auone umefumbata chuma, ndipo auzungushe, na akitazama pembeni kidogo tu mkono uliachia.

"Mama," Nyemo alisema siku ya kuondoka, wakiwa wanasubiri lori, "nikifika huko, nikilisema hili jambo..."

"Usiniulize mimi."

"Watafunga zote. Na hii."

"Ndiyo nikasema usiniulize mimi. Ukiniuliza nitakwambia usiseme, maana na mimi nina koo kama watu wote." Alimtengeneza Wendo kola ya gauni, akimwangalia shingoni ili asimkabe. "Mpandishe mtoto. Lori hilo linakuja."

Lilikuwa la bluu. Bibi Sechelela alilikamua kwanza, foleni ya wazee ikiwa nyuma yake. Nyemo na Wendo walipanda, Wendo akaita "Bibi!" na kupunga mkono dirishani. Bibi alisema "Nendeni salama" kwa sauti kubwa, lakini hakuinua uso. Alikuwa ameshika koki.

Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, jina lake Swedi. Walipita nchi kavu, vichaka na vichuguu. Wendo alilala, akaamka, akaomba maji, akapewa kidogo ya dukani. Jua likiwa bado juu walifika kituo kilichofuata. Nyemo hakuwahi kufika pale. Kilikuwa sawasawa na chake, paa lile lile, ukingo ule ule wa saruji, koki mbili. Kwenye koki zote mbili watoto walikuwa wamepanga foleni, wanasukumana, wanacheka, na lori lililokuwa likikamuliwa lilikuwa la bluu.

"Simama," Nyemo alisema.

"Tangi ni tupu, dada. Nimekamuliwa kwenu."

"Simama tu, kaka Swedi."

Alishuka, akatoa simu, akampigia Kisamo palepale kwenye tairi la mbele.

"Mhandisi, ni Nyemo wa Nhundulu. Kuna madhara."

"Uko kituoni?" Kisamo aliuliza.

"Nimeondoka."

"Nani amebaki?"

"Mama yangu. Na wazee wenzake."

"Dada Nyemo, nikilipokea neno hili sina namna ya kulirudisha. Jioni koki zote zitakuwa zimefungwa. Nikupe siku mbili tatu uwa..."

"Nimesema kuna madhara. Funga."

"Nimesikia," alisema Kisamo.

Nyemo alisubiri palepale, simu ikiwa bado sikioni, kama kutakuja machozi au chochote. Hakikuja kitu. Alitembea hadi kwenye foleni. Msichana mmoja wa umri wa Wendo alikuwa ameshajaza ndoo na kujitwisha, anageuka kwenda nyumbani. Nyemo aliishusha kwa mikono miwili kutoka kichwani mwake, akaimwaga. Maji yalikimbia juu ya mchanga, yakazama. Msichana hakulia. Aliangalia pale palipolowa, kisha akamwangalia Nyemo, akisubiri kuambiwa amekosa nini.

"Mwite mkuu wa kituo," Nyemo alimwambia. "Nitamweleza yeye, naye awaeleze wazazi wenu."

Maelezo hayakuchukua muda. Mkuu wa kituo, mzee mwenye kofia ya kampuni, alisikiliza huku simu yake ikiita mfululizo, kisha akaipokea, kisha akaenda kufunga koki moja baada ya nyingine. Akina mama walianza kutoka majumbani. Swedi alipiga honi kidogo.

Nyemo alipanda. Wendo alikuwa ameona yote kupitia kioo cha mbele, amepiga magoti juu ya kiti.

"Mama, umefunga na ya kwetu?"

"Ndiyo."

"Bibi atakunywa nini?"

Swedi aliangalia barabara. Nyemo alimkalisha mtoto vizuri, akavuta mkanda, akaukosa mdomo wa kufungia mara ya kwanza, akautazama, akaufunga.

"Sijui," alisema.

Lori likaondoka.